Nilivyokuwa Sauti ya Mozaiki

Papa yangu ni agronome, mtaalamu wa kilimo. Wakati wa vita, agronome ni mtu anayejua dawa ya kila shamba ila hawezi kulifikia hata moja. Barabara ya kwenda kijiji cha Miti ilikuwa inafunguka na kufungwa kama mdomo wa mtu mwenye usingizi, kufuatana na nani amegombana na nani huko juu. Ile ya Nyangezi vilevile. Papa alikuwa anaamka asubuhi, anavaa buti zake za mpira, anakwenda bureau, ofisi yao katikati ya ville, mjini, anakaa kwenye kiti, na jioni anarudi na buti safi kuliko sahani zetu. Maman, ambaye ni mwalimu, alikuwa anamwambia azivue mlangoni hata hivyo, kwa heshima ya kazi.

Ndipo watu wa bureau wakapata wazo. Kama agronome hapiti, sauti yake ipite. Kaseti haiulizwi kitambulisho kwenye bariere, pale askari wanapofunga njia. Waliyachagua mavillage kadhaa, kila moja wakalipatia radio ya kaseti na mawe yake, yaani betri, na watu wakaunda kikundi cha kusikiliza. Papa alikuwa anasema maneno yake bureau, kaseti inafungwa ndani ya kipande cha kitenge, halafu inapewa maman mmoja wa wale wanaoshuka na makaa na muhogo sokoni Kadutu. Jioni anapanda nayo chini ya chumvi na sabuni. Askari walikuwa wanachukua sabuni. Kaseti walikuwa wanaiacha, kwa sababu ilikuwa imeandikwa «Agriculture».

Niseme ukweli bila kumvunjia papa heshima: kaseti zake zilikuwa zinalaza watu. Papa ana sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. «Wakulima wapenzi, leo tutazungumzia mozaiki ya muhogo, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia majani...» Kufika kwenye «majani», hata mimi niliyekuwa nimekaa naye bureau nilikuwa nimeanza kuhesabu mbavu za dari. Siku moja kaseti ilirudi kutoka kijiji cha Katana. Papa akaiweka ili asikie kama wameongeza maswali yao upande wa pili, maana ndivyo walivyokuwa wameelewana. Tukasikia «Wakulima wapenzi, leo tutazu...», halafu kak, halafu korali ya parokia, na ngoma, na akina maman wakipiga vigelegele. Walikuwa wamerekodi repetisheni yao ya nyimbo juu yake. Papa aliisikiliza mpaka mwisho.

«Wameimba vizuri,» akasema, akazima.

Jioni hiyo mezani niliiga. Nilikunja uso, nikashika kijiko kama mikro, nikawaambia samaki wa sahanini: «Samaki wapenzi, leo tutazungumzia bugali, yaani kitu cha duara kinachoshambulia sombe.» Maman alicheka mpaka ile sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikampalia. Kaka yangu mdogo alianguka kutoka kwenye kiti. Papa alitafuna pole pole, akameza, akaninyooshea kidole chenye bugali.

«Kesho ukitoka masomo, unakuja bureau. Utasema weye.»

Nilifikiri ni azabu. Ilikuwa kazi.

Kwanza alinieleza ugonjwa wenyewe, na hapo nakiri papa ni mwalimu mzuri akikosa mikro. Jani linakuwa na madoa ya njano kama nguo iliyomwagikiwa javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, linajikunja, shina linadumaa. Chini, mahali pa muhogo wa kushibisha watu, unakuta kitu kama kidole cha mtoto. Kuna kijidudu cheupe kinachoubeba ugonjwa kutoka jani hadi jani. Lakini anayeubeba mbali, kutoka kijiji hadi kijiji, ni sisi wenyewe. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Unapandwa kwa kipande cha mti wake. Mti ukiwa mgonjwa, na mtoto wake ni mgonjwa kabla ya kuzaliwa.

«Sasa,» papa akasema, «mimi nawaambia wachague miti mizima. Wanasema ndiyo. Halafu wanapanda ile ile.»

«Wanaipata wapi?»

«Wanapeana.»

Hapo ndipo penye jambo lote, na mtu asiye wa kwetu anaweza kulipita bila kuliona. Kule juu vijijini miti ya muhogo haiuzwi. Unakwenda kwa jirani, unasalimia, unaulizwa habari za watoto, na baadaye kabisa, kama vile umekumbuka tu, unasema shamba lako halina kitu. Yeye anashika panga. Anakukatia, anafunga fungu kwa kamba ya mgomba, anakutwika. Hulifungui mbele yake. Huchagui, huchunguzi, hata ukifika kwako hutupi. Aliyekupa miti amekupa chakula cha mwaka kesho, na tangu vita vianze, mwanamke anayerudi kutoka mafichoni na kukuta shamba limevunwa na watu asiowajua, kitu cha kwanza anachopewa ni lile fungu. Papa wangu na kaseti yake walikuwa wanamwambia mtu huyo akague zawadi.

Nikaandika mchezo. Nilimfanya Mozaiki kuwa mgeni wa mjini, kijana wa kujipaka mafuta, viatu vinavyong'aa, mikono laini, Kifaransa cha puani. Hana miguu ya kutembea. Anakwenda mlango kwa mlango akiomba kubebwa: «Maman, munibebe tu, mimi sina uzito.» Anajilaza ndani ya fungu la miti, anatwikwa, anafika, anakaribishwa, na kesho yake anakula kabla ya wenye nyumba. Sauti nilimpa mimi. Nilibana pua na kuazima mwendo wa maneno wa mtu mmoja mkubwa wa shule yetu, ambaye sitamtaja kwa sababu bado ninahitaji pointi zake. Dactylo wa bureau, yule anayepiga mashine ya kuandika, alikuwa maman mwenye shamba. Papa alikuwa jembe. Jembe halisemi kitu, linagonga tu, na papa aligonga vizuri sana.

Tulirekodi tukiwa tumetundika mablanketi dirishani kuzuia mlio wa malori ya askari. Hata hivyo katikati, risasi moja ilisikika upande wa ziwa. Nilitaka turudie. Papa alikataa.

«Acha. Watajua ni kaseti ya kwetu.»

Kaseti hiyo haikurudi na korali. Haikurudi kabisa, kwa sababu kijiji kimoja kilikataa kuiachia, ikabidi tunakili nyingine. Sokoni Kadutu nilisikia maman mmoja aliyetaka kusaidiwa kubeba kikapo akimwambia mwenzake: «Munibebe tu, mimi sina uzito,» wakacheka wote wawili, na mimi nimesimama pale na nyanya zangu kama mtu wa kawaida. Nilikuwa maarufu kwa watu wasiojua uso wangu. Huo ndio umaarufu mzuri, hakuna anayekuomba kitu. Papa naye alianza kupata habari kwamba watu wanang'oa miti yenye mozaiki. Kwa mara ya kwanza tangu vita ya pili alikuwa anapiga mluzi akinyoa.

Halafu koko akashuka.

Koko ni mama yake papa, anakaa Miti, na alikuwa na mguu mbaya tangu zamani. Kwa hiyo kumuona mlangoni, na vumbi mpaka magotini, ilikuwa kama kuona kanisa limekuja kwako. Maman alimletea maji, alimletea chakula. Koko alikunywa maji. Chakula alikitazama.

«Mwira hanisalimie tena,» akasema.

Mwira ni rafiki, kwa Kishi, lugha ya kwao. Koko ana marafiki wengi wa kucheka nao, ila mwira kwake ni mmoja tu, jirani wa ng'ambo ya kijito. Kisa chao tunakijua wote nyumbani. Katika vita ya kwanza, watu wa Miti walipokimbia, koko hakuweza. Jirani huyo aliwatuma watoto wake mbele na wengine, yeye akarudi. Alimlaza koko kwenye migomba, akamfunika makoa, yale maganda ya mgomba, na majani makavu, akalala kando yake. Walikaa hapo mpaka watu wenye bunduki walipokwisha kupita. Koko anasema muda wote huo walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, kwa sababu mwira alikuwa amemlalia mkono. Waliporudi majumbani, shamba la koko lilikuwa matundu matupu. Mwira akashika panga, akamkatia miti kutoka kwake, akamfungia, akambebea mwenyewe kwa ajili ya ule mguu.

Miti hiyo ilikuwa na mozaiki.

«Sasa watoto wa kule wanamuita Maman Mozaiki,» koko akasema. «Akipita na fungu kichwani, wanamufwata nyuma: munibebe, munibebe. Hata bakubwa. Hakuna mutu anapokea tena miti yake. Na yeye anasema ni miye nilileta habari yake huku. Anasema: mutoto yako njo agronomu, mujukuu yako njo iko nasema ndani ya radio, ni nani aliwaambia kama haiko weye?»

«Lakini koko, ule ni mchezo,» nikasema. «Hatukutaja mtu.»

«Njo mubaya. Mungetaja mutu wa mbali, watu wangecheka mutu wa mbali. Mumeacha kiti wazi, wakamukalisha yeye.»

Papa alikuwa ameweka kijiko chini. «Mama, na shamba lako? Umeng'oa?»

«Sing'oi.»

«Utavuna vidole.»

«Nitavuna vidole. Nikigusa hata mumoja, nitakuwa nimesema mbele ya watu: ndiyo, alinipa ugonjwa.» Akageukia chakula, akakisogeza. «Muniache nilale kidogo.»

Papa hakupiga mluzi tena. Nilimsikia akimwambia maman kwamba mvua zijazo zikimkuta koko na miti ile, mwaka unaofuata hatakuwa na kitu ardhini, na mtu wa Miti asiye na muhogo ardhini hana chochote, maana maharagwe yanabebwa, mbuzi wanabebwa, ila muhogo ukiwa udongoni mwizi lazima ashike jembe. Kwa hiyo koko alikuwa ameshika mambo mawili, mwira na chakula, na kaseti yetu ilikuwa imefanya asiweze kuyaweka mkono mmoja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kurekodi kaseti ya pili, Mozaiki aombe radhi. Nilifikiri ni wazo la akili sana. Papa alisema tungoje barabara.

Barabara ilifunguka. Bureau ilikuwa imepata miti mizima, aina inayovumilia ugonjwa, lakini mafungu machache tu, yaliyokusudiwa shamba la kikundi karibu na chapelle, kanisa dogo la Miti. Walikuwa pia wamepata appareil ndogo ya picha, ile ya kisasa isiyotumia filamu, unapiga na kuona papo hapo nyuma yake. Papa aliivaa shingoni kama askofu na msalaba. Nilikuwa likizo, nikapanda nyuma ya jeep juu ya miti.

Kwenye bariere askari mmoja kijana alichungulia.

«Munabeba nini?»

«Miti ya muhogo,» papa akasema.

«Ya kufanya nini?»

Mdomo wangu una tabia ya kutoka kabla yangu. «Chef, mutubebe tu, sisi hatuna uzito.»

Papa alifunga macho. Askari alinitazama, akatazama miti, kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa: «Ni weye?» Akaita mwenzake kwa Kilingala. Ikabidi niseme kipande kizima nimekaa juu ya mafungu, pua nimebana, na bunduki zimeegemea gurudumu. Walicheka kama watoto. Yule wa kwanza aliuliza kama ni kweli kijidudu ni cheupe, kwa sababu kwao, kwa mama yake, aliviona vingi chini ya majani, na alikuwa hajui. Papa alimweleza vizuri, akasahau hata kuogopa. Tulipita bila kuombwa sabuni. Nilitaka kujisifu, lakini papa alikuwa anatazama mbele tu.

«Hata huyu iko na shamba mahali,» akasema baadaye.

Shamba la koko lilikuwa baya. Majani madogo, yamekunjwa kama karatasi ya mtihani iliyorudishwa na sifuri. Papa alipiga picha. Watoto walijaa wakitaka kujiona. Mmoja alinisikia nikizungumza, akanikodolea macho, akanong'ona kwa mwenzake, na kabla hatujavuka kijito walikuwa wanatufuata kundi zima. Koko alibaki mlangoni kwake. Alisema yeye hatavuka bila kuitwa.

Mwira alikuwa amekaa uani akimenya muhogo. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu wa huruma, mnyonge. Nilikuta mwanamke mnene mwenye mikono mirefu, na kisu chake hakikusimama tulipofika.

«Maman, tunakusalimu,» papa akasema akiinama.

«Karibu, Monsieur agronomu. Kalisha. Kiti iko kizima, nimekichunguza.»

Papa akakaa pole pole.

«Na huyu?»

«Ni mutoto wangu.»

«Njo ule ugonjwa wa ndani ya radio?»

«Njo miye, koko,» nikasema, maana naye ni wa kuitwa koko.

«Sema kidogo nisikie.»

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nimewahi kusema mbele ya préfet wa shule, mbele ya masista, mbele ya askari wenye bunduki asubuhi ile ile.

«Aa,» akasema, akitupa ganda. «Hapa mawe yamekwisha.»

Watoto wakacheka, na nilijifunza jinsi inavyokuwa wakati watu wanacheka na wewe ndiye uliyekalishwa kwenye kiti.

Papa alijaribu kueleza. Alieleza kijidudu, alieleza virusi, alisema si kosa la mtu. Mwira alisikiliza kwa adabu ya kutisha. Mwisho papa aliwasha appareil, akamwonyesha picha ya jani. Nafikiri alitaka kumwonyesha ugonjwa tu, kama anavyowaonyesha wote.

Kisu kikasimama. Alikishika kile chombo kwa mikono yote miwili, akakisogeza karibu na uso.

«Iko ya nani?»

«Ya shamba la mama yangu.»

«Ni miti yangu hii.» Aliitazama tena. «Sikufika huko tangu tuligombana. Iko namna hii?»

«Iko namna hiyo.»

Alirudisha appareil. Akachukua muhogo mwingine, hakuumenya.

«Miye nilipewa na mukwe wangu wa Katana. Yeye alipewa na shangazi yake. Shangazi sijui. Mutafwata mupaka wapi? Mutafika kwa Mungu, mumuite Papa Mozaiki?»

Hapo nilicheka peke yangu, sikuweza kujizuia, na alinitupia jicho ambalo halikuwa baya kabisa. Nikaona ni wakati wa wazo langu.

«Koko, tutafanya kaseti ingine. Tuseme kwamba yule maman wa Miti hana kosa.»

«Eheh. Sasa hivi wananicheka hapa Miti. Ukisema vile, na wa Nyangezi watauliza: maman gani? Kosa gani?» Akatikisa kichwa. «Muko na sauti ya kufika mbali, hamuna mukono ya kuirudisha.»

Hilo la sauti na mkono nimelifikiria sana tangu siku ile, darasani hasa, wakati nikiwa na neno zuri la kumrushia mtu na darasa zima linangoja. Mara nyingi nalirusha hata hivyo. Lakini nalifikiria.

Mwira alinyoosha kidevu kuelekea jeep ng'ambo ya kijito. «Ile miti ya ndani ya motokari, iko ya nani?»

«Ya kikundi,» papa akasema. «Ni mizima. Nyingine nilitaka kumpa mama, kama angekubali kung'oa.»

«Atakubali aje? Mutu anapewa miti na mutu. Hapewi na motokari.»

Papa alitazama mikono yake. Najua alikuwa anafikiria wakubwa wa bureau, shamba la chapelle, kibao chenye rangi kilichokuwa tayari kimeandikwa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa miti ile ipite mikononi mwa nani, na nilikuwa nauma ulimi, kwa sababu kwa siku ile nilikuwa nimesema vya kutosha. Mwishoni papa alisimama.

«Tulete yote huku?»

«Mulete tu. Miye nitaangalia.»

Tuliivusha kijito, mimi na papa na chauffeur, mpaka uani kwa mwira. Papa alikuwa ameifunga kwa kamba ya nailoni ya bureau. Mwira alizikata kamba hizo moja moja kwa kisu cha muhogo, akapasua kamba za mgomba, akafunga upya kwa namna yake, mafungu manene. Mengine aliyaweka kando, na wanawake wa kikundi waliokuwa wamekuja kuona kunani aliwaambia watapita kwake kesho, kila mtu na salamu zake. Hakuna aliyebisha. Fungu kubwa kuliko yote alijitwika.

Tukavuka tena, yeye mbele. Watoto walikuwa wamejipanga njiani, na nilisikia inaanza nyuma kabisa, kwa sauti ndogo: munibebe, munibebe tu.

Mwira alisimama. Aligeuka na fungu lake kichwani, mwili mzima, maana shingo haiwezi. Akabana pua kwa vidole viwili.

«Maman, munibebe tu, mimi sina uzito,» akasema, na alisema vizuri kuliko mimi, na kile Kifaransa cha puani na yote. Halafu akaachia pua. «Uongo. Hii iko nzito. Kuja weye mwenye mudomo, ushike huku.»

Mtoto mwenye mdomo alikuja, akashika huku. Wengine walicheka, na mwira naye, na fungu likatikisika.

Koko alikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyesema habari ya ugomvi. Mwira alisema, «Nilisikia shamba yako haina kitu.» Koko akasema, «Haina.» Mwira akasema, «Nimekuletea kidogo.» Koko akapokea kwa mikono miwili, akaegemeza fungu ukutani, hakulifungua. Kisha wakaulizana habari za watoto, ingawa mtoto wa mmoja alikuwa amesimama pale pale, na huyo mtoto alikuwa papa mwenye mvi.

Walianza kung'oa wenyewe, bila kuambiwa. Papa aliwasha kirekodi kidogo alichokuwa nacho mfukoni, akanipa nishike. Akasema miti migonjwa tuirundike, tuichome, kama kaseti inavyosema.

«Moshi?» mwira akasema bila kuinua kichwa. «Moshi unaita watu. Chimba shimo.»

Papa akachimba shimo. Mimi nilibeba mashina. Yalikuwa mepesi kweli.

Lakini walipofika mistari ya mwisho, ile ya karibu na migomba, koko aliweka jembe begani.

«Hii inabaki.»

«Mama, ukiacha hii, ugonjwa utarudi kwenye mipya. Kijidudu...»

«Nimesikia kijidudu. Ile mipya itazaa lini?»

«Misimu miwili, zaidi kidogo.»

«Na nikikimbia mwezi unaokuja? Nikirudi nitakula kijidudu? Hii ni midogo, ndiyo, lakini iko chini. Vidole ni chakula.»

Papa alimgeukia mwira, kama mtu anayeomba msaada kwa jaji. «Maman, mwambie.»

Mwira alijipangusa jasho kwa upindo wa kitenge. Alimtazama papa, akamtazama koko, akaenda kusimama upande wa koko, karibu kabisa, bega kwa bega.

«Miye niko na huyu,» akasema.

«Hata kwako utaacha?»

«Hata kwangu nitaacha kidogo. Weye uko na bureau.»

«Bureau hailipi,» papa akasema.

«Basi kuja na weye upande huu,» koko akamwambia mwanawe, na wale wazee wawili wakaanza kucheka, kicheko cha chini chini cha watu waliozoea kucheka bila kusikika. Kirekodi kilikuwa kinazunguka mkononi mwangu. Papa alikitazama, nikadhani ataniambia nizime, maana sasa walikuwa wanaipinga kaseti yetu. Hakuniambia. Alichukua jembe la koko, akaenda mpaka upande wa mbali kabisa na ile mistari, akafungua fungu, akaanza kupanda, na koko akamfuata polepole na ule mguu wake, akimwambia asikanyage maharagwe.